Shule ya Mwambani na Baraza la Tumewasikia

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawapata. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Mkubwa asogee, mdogo aone. Mwenye kikohozi akohoe sasa, nikianza sisimami.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipeleka watoto shule, palikuwa na bonde. Katikati ya bonde ulipita mto. Upande wa huku palikuwa na mwamba, na juu ya mwamba palikuwa na shule. Shule ya Mwambani. Mlango haina. Dari haina. Ina kivuli cha jabali, na ina mwalimu. Basi.

Mwalimu mwenyewe alikuwa Nungunungu. Mzee, mnene, mkali. Akikasirika miiba inalia, chakacha-chakacha-chakacha, na darasa zima linatulia tuli.

Waliosoma pale ni watoto wa wadogo. Watoto wa Pimbi, watoto wa Digidigi, watoto wa Nguchiro, watoto wa Kanga. Wasio na pembe. Wasio na meno ya kutisha mtu. Walifundishwa kuhesabu, walifundishwa kuamkia wakubwa, na walifundishwa somo kubwa kuliko yote: somo la milio ya kuonyana hatari. Mlio wa mwewe ni huu, kekeke-kee! Ukiusikia, ingia chini, popote, chini! Mlio wa chui ni huu, piii-zik! Ukiusikia, panda juu, popote, juu! Ukichanganya milio, mama yako atakutafuta asikuone.

Sasa palikuwa na Bi Kanga. Bi Kanga alisoma pale, mama yake alisoma pale, na vifaranga wake wote walisoma pale. Kitinda mimba wake aliitwa Chembe. Mdogo kweli kweli, lakini mdomo! Kila kitu anauliza.

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Nyasi zikakauka, parakacha, parakacha. Ghala la bonde likapungua. Baraza la bonde likakaa.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa Nyati. Katibu alikuwa Ngiri. Na palikuwa na mtaalamu aliyeitwa kutoka mbali kuja kufikiri badala yao, naye ni Korongo. Wakakaa kivulini, wakafikiri, wakala, wakafikiri tena. Kisha Ngiri akatumwa, mkia wima kama kijiti, tiki-tiki-tiki, mpaka mwambani.

"Sikilizeni! Ghala limepungua. Baraza limepanga upya. Mwezi ukiandama, Shule ya Mwambani inaunganishwa na Shule ya Kingoni, ng'ambo ya mto. Somo la milio limeondolewa, ni kelele tu. Mwalimu Nungunungu amepunguzwa."

Chembe akauliza, "Mama, amepunguzwa vipi? Wamemkata miiba?"

"Nyamaza, mwanangu," akasema Bi Kanga. Lakini moyoni alijiuliza jambo lingine. Kivuli cha baraza, je, kimeunganishwa na kivuli cha nani? Jiwe la chumvi wanalolamba waheshimiwa, je, limepunguzwa? Wapi! Lililetwa jipya wiki ileile.

Bi Kanga akajifuta vumbi, akaenda barazani. Wazazi wenzake wakamfuata nyuma. Nyati amelala, anacheua, macho nusu.

"Sema, mama. Baraza lina masikio."

"Mheshimiwa, shikamoo. Watoto wetu ni wadogo. Mto ni mpana. Sasa hivi umekauka, sawa, lakini mvua ikirudi watavukaje? Na somo la milio mkiliondoa, watapona na nini? Sisi pembe hatuna."

Nyati akacheua. Akameza.

"Tumewasikia."

Bi Kanga akangoja. Nzi wanapita, vuu, vuu.

"Mmetusikia, ahsante. Sasa mnafanyaje?"

"Tumewasikia."

"Hilo nimelielewa, mheshimiwa. Nauliza..."

"Mama," akasema Ngiri, "muda wako umekwisha. Maoni yamepokelewa."

Wakarudi. Wakangoja. Hakuna neno. Bi Kanga akaenda tena. Akaambiwa, jambo lako liko kwa katibu. Kwa katibu akaambiwa, mchakato unaendelea. Unaendelea wapi? Kwa mtaalamu. Akaenda kwa mtaalamu. Jua linawaka, na Korongo amesimama kwa mguu mmoja kwenye tope, anajichokoa mbawa.

"Mto nimeupima mwenyewe," akasema Korongo. "Hata ukijaa, maji yanafika magotini tu."

"Magotini kwa nani, mtaalamu?"

"Goti ni goti, mama."

Bi Kanga akaitazama miguu ya Korongo. Akapandisha macho, akapandisha, akapandisha, mpaka akalifikia goti. Lilikuwa juu ya kichwa chake.

"Goti ni goti?"

"Goti ni goti. Hiyo ndiyo hesabu."

Bi Kanga alirudi nyumbani anaongea peke yake. Alimwambia jiwe, alimwambia mchwa, alimwambia kila aliyekutana naye njiani: goti ni goti! Jamani, goti ni goti!

Mwezi ukaandama. Shule ya Mwambani ikafungwa. Mwalimu Nungunungu akaingia shimoni mwake, akageuza mgongo. Watoto wakavuka mchanga mkavu wa mto, wakaenda Kingoni.

Kingoni, kwenye dimbwi lililobaki, mwalimu ni Kiboko. Watoto wa kiboko wamejaa, watoto wa kenge wamejaa, na sasa wadogo hawa wamemiminika. Chembe akawekwa nyuma. Akarudi jioni amelowa chapachapa.

"Mmesoma nini leo?" akauliza mama.

"Kuzuia pumzi ndani ya maji."

"Na jana?"

"Kuzuia pumzi ndani ya maji."

"Na ukikaa huko nyuma unaona nini?"

"Matako ya kiboko, mama."

Bi Kanga akaenda kwa Mwalimu Kiboko, amejaa maneno. Kumbe Kiboko naye amechoka kumshinda. Macho mekundu, sauti imekwisha.

"Mama Chembe, mimi sikuwaomba watoto wako," akasema Kiboko. "Wangu walikuwa wananitosha. Juzi nimeketi, nasikia mtoto analia, natafuta, simuoni. Kumbe nimemkalia, wa Nguchiro. Nimelia mimi, amelia yeye. Nimekwenda barazani kuomba mwalimu wa pili. Unajua wameniambiaje?"

"Wamekusikia."

"Wamenisikia!"

Wakatazamana. Hasira ya Bi Kanga ikakosa mahali pa kutua.

Basi, mvua iliyogoma ikarudi. Ilirudi kwa kishindo. Radi, ngurumo, maji! Mto ukashuka kutoka milimani, guuu, guuu, umebeba matawi, umebeba matope. Asubuhi watoto wakasimama ukingoni, wazazi nyuma yao. Na baraza lilikwisha kutangaza: asiyefika Kingoni anafutwa shule. Watoto wanaogopa maji, wanaogopa kufutwa.

Mtoto wa Digidigi, Kijiti, alikuwa na miguu mirefu kidogo kuliko wenzake. Akasema, "Nitajaribu mimi."

Akaingia. Chubwi! Hatua moja. Chubwi! Hatua nyingine. Mara mto ukamnyanyua kama jani.

"Mamaaa!"

Bi Kanga akapiga yowe, kekeke-kee, kekeke-kee! Bwana Nguchiro akajirusha majini bila kuuliza. Kijiti akapelekwa, akapelekwa, akagonga mti ulioanguka, ko! Akanasa pale. Nguchiro akamshika kwa meno, wazazi wakashikana mmoja nyuma ya mwenzake, wakavuta. Alitoka mzima. Lakini mguu wake wa nyuma ulikuwa umevunjika, na mama yake akawa anaulamba tu, anaulamba.

Mvua haijakatika, Ngiri huyo, tiki-tiki-tiki.

"Baraza limesikitika sana. Baraza linawakumbusha wazazi wawafundishe watoto wao kuogelea. Na baraza limegundua kwamba wazazi wa Mwambani hawapendi elimu, maana leo hakuna mtoto aliyefika darasani."

Bi Kanga alicheka. Ndugu zangu, kile hakikuwa kicheko cha furaha. Alicheka mpaka madoa yake yakatetemeka. Kisha akawageukia wenzake.

"Nani kati yetu amechoka?"

"Sote," wakasema.

"Mimi sikuchoka. Kuchoka nilichoka zamani. Sasa nimekinai. Kesho watoto wanakwenda shule."

"Shule gani, mwenzangu?" akauliza Bwana Pimbi. Alikuwa mwoga tangu kuzaliwa, na hilo si siri. "Shule si imefungwa?"

"Kivuli cha baraza hakijafungwa."

"Ah! Baraza ni baraza, Bi Kanga. Watatufanya nini?"

"Watatufanya nini, ndugu yangu, ambacho hawajatufanya?"

Pimbi akafikiri. Akasogea karibu na wenzake.

Wakaenda shimoni kwa Mwalimu Nungunungu. Wakagonga. Bi Kanga akainama mlangoni. "Mwalimu, sisi hatukukupunguza. Watoto wako wanakungoja."

Ndani ikasikika, chakacha. Pua ikatokeza. "Wamekuja na masomo ya jana vichwani, au wamesahau yote?"

"Wamesahau yote."

"Nilijua," akasema mzee, na akatoka.

Asubuhi baraza limekaa kivulini. Nyati amelala, anacheua. Ngiri yuko kulia, Korongo yuko kushoto. Mara vumbi linakuja. Watoto! Pimbi, digidigi, nguchiro, kanga, na Kijiti amebebwa mgongoni na mama yake. Hawakupiga kelele, hawakutukana mtu. Waliamkia, "Shikamooni!" Wakaketi kivulini katikati ya baraza, Mwalimu mbele yao.

"Nini hii?" akauliza Nyati.

"Msijali, waheshimiwa," akasema Bi Kanga. "Endeleeni na kikao. Na sisi tunaendelea na kipindi."

Nyati akasafisha koo. "Ajenda ya kwanza..."

"Somo la milio!" akasema Nungunungu. "Mwewe!"

Kekeke-kee! Kekeke-kee! Watoto wote, chini! Chini wapi? Jabali hakuna hapa. Wakaingia chini ya tumbo la Nyati. Wakajipenyeza mapajani, kwapani, kila palipo na uwazi.

"Ajenda ya kwanza, nasema..."

"Chui!"

Piii-zik! Piii-zik! Wote, juu! Juu wapi? Mgongoni kwa Nyati! Juu ya pembe zake! Nguchiro mmoja akapanda mguu wa Korongo, akapanda, akapanda, akafika gotini, akapumzika, akaendelea. Ngiri yeye aliposikia chui hakungoja maelezo. Alikwenda mbio na mkia wima mpaka akakumbuka ni darasa.

"Vibaya!" akasema Mwalimu. "Chembe, umechelewa. Chui amekula mguu wako. Tena!"

Nyati akanguruma. "Tumewasikia! Nimesema tumewasikia!"

"Hatukuja kusikika leo, mheshimiwa," akasema Bi Kanga. "Tumekuja kusoma."

Wakasoma mpaka saa ya kula. Kesho yake wakarudi. Kesho kutwa wakarudi. Na kuna jambo lililomshangaza Bi Kanga: huyo hapo Mwalimu Kiboko, ametoka majini na watoto wake, anapumua kwa nguvu, amekuja kuomba nafasi. Kiboko mmoja akikaa kivulini, kivuli kimekwisha. Waheshimiwa wakajikuta juani. Jiwe la chumvi limekaliwa na watoto wa kenge.

Korongo akasema ana kikao mahali pengine, akapiga mbawa, akaenda zake. Hajaonekana mpaka leo.

Nyati sasa amekonda. Halali mchana, hacheui. Kila akifungua mdomo, yuko mtoto chini ya tumbo au juu ya kichwa. Mwisho akasema kwa sauti ya unyonge, "Jamani. Kwani mnataka nini?"

"Shule yetu," akasema Bi Kanga. "Mwalimu wetu. Somo letu. Na Mwalimu Kiboko apewe msaidizi."

Nyati akashangaa. Akashangaa kabisa, macho yamemtoka.

"Hilo tu? Mbona hamkusema?"

Bi Kanga akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena. Chembe akamvuta bawa, akamwambia, "Twende, mama. Usimjibu."

Hakumjibu.

Shule ya Mwambani ikafunguliwa. Kingoni akapelekwa msaidizi. Siku ya kufungua, baraza likaja lote, Nyati na maua kwenye pembe, likapanga mstari mbele ya mwamba. Kijiti alipanda kwa miguu mitatu, polepole, na mguu ule haukunyooka tena maisha yake. Watoto wote walipita mbele ya waheshimiwa, wakaenda kuketi.

Ngiri akasogea. "Mwalimu, mwenyekiti anangoja wimbo wa shukrani. Watoto wameandaa upi?"

Miiba ikalia, chakacha-chakacha-chakacha.

"Tumepoteza msimu mzima," akasema Nungunungu. "Kaeni au nendeni, lakini msinizibie mwanga. Haya, watoto. Mwewe!"

Watoto wakaingia chini ya jabali, wote kwa pamoja. Hakuna aliyegeuza shingo kutazama waheshimiwa. Na Bi Kanga alikaa pembeni juani, akahesabu vichwa vya watoto, akavuta pumzi ndefu.

Wasikilizaji wangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayetaka kupunguza chakula cha mtoto, aanze na sahani yake. Na mkubwa akikuambia amekusikia, usirudi nyumbani kulala: tazama mikono yake inafanya nini.

Hadithi yangu imeishia hapo, mwambani, kengele imelia. Waliosinzia wataulizana wenyewe.