Mama Aliyekataa Kubebwa

Wapendwa, leo twende gereji kwanza, Biblia tutaifungua tukirudi. Naona vijana kule nyuma wameshaanza kutabasamu, na wazazi wao wanawatazama kwa jicho la pembeni. Tulieni. Kila mtu atapata chake.

Kulikuwa na mama mmoja, mjane, mtu wa maombi kwelikweli. Siku moja akapigwa na kiharusi. Mungu akamsaidia, ulimi ukarudi, mkono ukarudi, ila mguu wa kulia ukagoma. Alitembea kwa fimbo, lakini mguu ule aliweza kuuinua kiasi cha kuvuka kizingiti cha mlango wake, au zaidi kidogo tu. Basi.

Kanisa lao lilikuwa mbali, ng'ambo ya mji. Mwanawe mkubwa alikuwa na gari kubwa, yale yaliyoinuka juu, ambayo hata mzima anapanda kwa kushikilia. Jumapili ya kwanza akaja na vijana wawili wenye nguvu. Mmoja akamshika makwapani, mwingine miguuni, yeye mwenyewe akasukuma kwa nyuma, mama akaingizwa garini kama gunia la mahindi. Khanga ikafunguka, majirani wanatazama. Walipofika kanisani akashushwa vilevile, mbele ya watu wote. Kila mtu akasema, huyu mtoto anampenda mama yake. Na kweli alimpenda. Lakini kuna aliyemuuliza mama?

Jumapili iliyofuata mama akasema mguu unauma. Na iliyofuata, unauma. Mwaka ukakatika. Wazee wa kanisa wakaja kumtembelea, wakaimba, wakaomba moyo wake uinuliwe, maana walishasema amekata tamaa. Mama akaitikia amina. Angesema nini? Aseme anaona haya kushikwa mapaja na vijana aliowafundisha shule ya Jumapili? Alilipenda kanisa lile kuliko chakula, na kila Jumapili kengele ilipolia kwa mbali, naye alilia, peke yake, mlango umefungwa.

Sasa, mwanawe wa mwisho alikuwa na gari la familia, la mlango wa kusukuma pembeni. Na alikuwa na marafiki wa magari, mnawajua nyie. Wakamwambia, "Gari lako limesimama juu kama la kusambazia mikate. Lishushe." Naye bila ajizi akaenda kwa fundi. Zikang'olewa springi lilizokuja nazo, zikafungwa springi fupi za dukani, na gari likashuka vidole vinne vizima. Likakaa chini, tumbo karibu na lami. Kijana akajiona amefika. Halafu akakutana na matuta. Kila tuta gari linakwaruza, abiria washuke, lipite tupu, wapande tena. Akachekwa mtaa mzima.

Kaka yake akamjia juu. "Una akili wewe? Gari la kubebea watu umelifanya la kupigia picha. Jumapili mtoto wako anabatizwa, utambeba nani humo?"

"Nimekoma, kaka. Jumatatu narudisha springi za zamani."

Mtoto huyo aliyekuwa anabatizwa alikuwa wa kike, na amepewa jina la bibi yake. Lakini bibi alikuwa ameshawaambia kuwa hataweza kwenda. Aliwaambia huku anatazama pembeni, wasimwone machozi.

Jumapili ikafika. Mama amekaa kwenye kiti mlangoni, amevaa vizuri kabisa, kwa ajili ya kuaga tu. Gari kubwa liko pale, vijana wenye nguvu wamekunja mikono ya mashati. Akasema, "Nendeni wanangu. Mguu unauma." Wakampakatisha mjukuu ambariki kabla hawajaondoka.

Ndipo lile gari lililoshushwa likaja taratibu, likasimama mbele yake, mlango ukasukumwa wazi. Mama akaitazama sakafu ya gari. Akakitazama kizingiti chake. Akaitazama tena sakafu. Akampa mkwewe mtoto, akachukua fimbo, akaanza kwenda.

"Ngoja mama, tukuinue," wakasema wale vijana, wameshamfikia.

"Msiniguse."

Akatanguliza mguu mzima. Akashika mpini wa ndani, akauvuta ule mgonjwa. Kiatu kikakwama ukingoni. Akauvuta tena, ukaingia. Akakaa. Akaifunga khanga yake vizuri, akanyoosha mikono.

"Nileteeni mjukuu wangu."

Mkubwa alisimama ameduwaa, machozi yanamtoka. "Mama, mwaka mzima hukutuambia."

"Mwaka mzima mlikuja kunibeba, baba. Hamkuwahi kuniuliza." Kisha akamgeukia yule mdogo. "Gari hili umelifanyaje?"

Kijana akaona aibu. "Nililishusha, mama. Nilitaka tu lipendeze. Kesho nalirudisha lilivyokuwa."

"Ukilirudisha, mimi nitapanda nini?"

Wakaenda polepole, tuta kwa tuta, na kwenye kila tuta walishuka wote isipokuwa mama. Walichelewa sana. Mchungaji aliwasubiri.

Ndugu zangu, mlidhani leo nitawachapa vijana kwa habari ya springi. Simsifu yule kijana, alitafuta sifa, na sifa hakuzipata. Lakini Mungu alichukua hata upuuzi wake akaufanya mlango. Swali ni letu sisi. Nani hajaonekana hapa siku nyingi, nasi tumeshasema imani yake imepoa? Yule binti aliyejifungua kwao bila ndoa? Yule baba aliyesimamishwa kazi, akaona bora akae nyumbani kuliko kukutana na macho yetu? Tumewaendea, ndiyo. Tumewaendea na mikono mirefu ya kuinua, watu wote wakiona. Halafu tunashangaa wanasema mguu unauma.

Bwana wetu hakutuvuta kwa makwapa kutoka mbinguni. Alishuka. Alishuka mpaka zizini, mpaka kwenye meza za watoza ushuru, mpaka mtu aliyechoka kabisa akaona, hapa hata mimi naweza kuingia kwa mguu wangu mwenyewe. Huo ndio wokovu tunaoutangaza. Na kama Yeye alishuka, sisi tumesimama huku juu tukimlinda nani?

Kwa hiyo wiki hii kila mmoja wetu amwendee mtu mmoja. Usimbebe. Kaa naye, muulize mguu wake unafika wapi. Halafu njoo utuambie, na kanisa hili litashuka mpaka hapo.