Mwenyekiti Kiboko na Kiti Kinachoteleza

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa baridi!

Baridi ya kiasi gani?

— Ya kugandisha uongo mdomoni!

Haya, sogeeni. Na wewe uliyetandaza miguu kwenye viti viwili, kusanya miguu yako, maana hadithi yenyewe ni ya viti.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na mfalme, na mfalme alipokuwa na kamati, na kamati ilipokuwa na mwenyekiti, ilikuja barua kutoka Kaskazini, nchi ya Dubu Weupe. Barua ilisema: Tuna mashindano ya kuteleza kwenye theluji. Kila nchi ilete wachezaji wake.

Mfalme Simba akaisoma mara mbili, akauliza, "Theluji ndiyo nini?"

Wote wakamtazama Mwenyekiti wa Kamati ya Michezo, naye alikuwa Kiboko. Kiboko akakohoa, akasema, "Mfalme, theluji ni barafu iliyosagwa." Wote wakaitikia, "Eee, iliyosagwa." Kiboko hakuwahi kusaga kitu ila kwa meno yake mwenyewe, lakini mwenyekiti akishasema, nani atabisha?

Aliyeijua theluji alikuwa mmoja tu, naye ni Pimbi. Mnamjua Pimbi: kanyama kadogo, kamejaa kama andazi, mkia hana. Alikaa juu kabisa ya mlima, kule kwenye kichwa cheupe, na tangu utotoni mchezo wake ulikuwa kuteleza. Alikuwa amejichongea kigari kisicho na magurudumu: mbao mbili chini, zimepakwa nta ya nyuki, na juu yake kikalio. Akikikalia juu, vuuuu! yuko chini, mate hayajamkauka.

Lakini huko bondeni nani alijali? Huko bondeni mtu akivunja chungu husemwa, "Ona lile pimbi!" Akipotea njia, "Pimbi huyo!" Jina lake lilikuwa tusi, na lilimuuma. Aliposikia habari za barua, alijiambia, "Niteleze mara moja tu, juu hadi chini, mbele ya dunia nzima, waone pimbi ni nani. Sitaki zaidi."

Basi msafara wa taifa ukaundwa. Mchezaji mmoja, Pimbi. Viongozi kumi na mmoja: Kiboko, mke wa Kiboko, mashemeji zake wanne, katibu, naibu katibu, mshika mwavuli, na wawili ambao hadi leo haijulikani walikwenda kufanya nini.

Wakasafiri, wakasafiri, wakafika. Baridi! Meno yao tete-tete-tete. Wenyeji wakatangaza sheria yao: kila mchezaji atapewa koti la sufu na bakuli la supu ya moto. Mchezaji tu.

Siku ya kwanza, Pimbi akavaa koti lake, akaenda kumwamkia mkubwa wake.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Koti hilo la nani?"

"Langu, Mheshimiwa. La mchezaji."

"La nchi," akasema Kiboko. "Na nchi ameibeba nani?"

"Wewe, Mheshimiwa."

"Basi lete."

Koti likamwenea Kiboko shingo tu. Akalifunga kama skafu, akajiona amependeza. Pimbi akabaki tete-tete-tete.

Siku ya pili, Pimbi akapewa bakuli lake, mvuke unapanda.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Supu hiyo ya nani?"

"Yangu, Mheshimiwa. Ya mchezaji."

"Ya nchi. Na nchi ameibeba nani?"

"Wewe, Mheshimiwa."

"Basi lete."

Gubu-gubu-gubu, bakuli likawa jeupe. Lakini tumbo la Kiboko halikusikia kitu. Akaenda kwa karani wa Dubu, akasema, "Supu ni ya wachezaji? Niandike na mimi mchezaji." Karani akamtazama juu, akamtazama chini, akaandika: Mchezaji wa pili, Kiboko. Tangu hapo Kiboko akanywa mabakuli mawili, lake na la Pimbi. Mlafi hana siku ya kushiba.

Siku ya tatu ikawa ndiyo siku ya mashindano. Nchi arobaini kasoro moja zilikuwa uwanjani, na zamu ya Pimbi ilikuwa ya mwisho. Wenzake wakashuka mmoja mmoja, vuuu, vuuu. Pimbi akasubiri chini ya mlima na kigari chake.

Sasa, watu wa Kaskazini hutazama michezo wamesimama, wasije wakagandia walipokaa. Kiboko akatafuta meza kuu, hakuna. Akatafuta zulia, hakuna. Akatafuta kiti, hata kimoja! Halafu akaona kigari.

"Shikamoo, Mheshimiwa," akasema Pimbi, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Marahaba. Kigoda hicho cha nani?"

"Si kigoda, Mheshimiwa. Ni kigari changu cha..."

"Cha nchi. Na nchi ameibeba nani?"

Kiboko hakungoja jibu. Akakaa, puu! Kigari kikalia kwiii.

"Mheshimiwa, nakuomba. Zamu yangu imefika. Baragumu litalia mara tatu. La tatu likilia na mimi siko kule juu na kigari, nafutwa!"

"Wewe mtoto, mimi ni nani?"

"Mwenyekiti."

"Nikikuachia hiki kiti, nitabaki nani?"

Pimbi akafikiri. "Utabaki... mwenye."

"Umesikia! Mwenye! Mwenye nini? Nchi nzima itaaibika. Nenda kateleze kwa makalio, kwani hayatelezi?"

Tuuuu! Baragumu la kwanza.

Pimbi akalia. Alilia kwelikweli, machozi yakaganda kwenye masharubu. Siku nyingi za safari, baridi yote ile, njaa yote ile, na mlima uko mbele ya macho yake. Kisha uchungu ukageuka hasira, na hasira ikageuka akili. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na pimbi ana nywele mwili mzima.

Akapangusa masharubu, akainama kwa adabu.

"Mheshimiwa, naona haya kukwambia. Umekaa mahali pa watu wadogo."

"Nini?"

"Hapa ni chini. Wakubwa wote wa Dubu, wale wenye bendera, wako wapi? Kule juu. Mgeni rasmi akae chini, na karani akae juu?"

Kiboko akatazama juu. Kweli, waamuzi walikuwa kule, na bendera zao. "Mbona hukuniambia mapema?"

"Nilidhani mgeni rasmi anapajua mahali pake."

Kiboko akainuka. Shemeji mmoja akataka kumbebea kigari. "Weee! Mkono wa mtu usiguse kiti changu!" Akakiuma kwa meno, akaanza kupanda. Hii! Haa! Hii! Haa! Mgongo unatoa mvuke. Pimbi nyuma yake, mikono mitupu, anasema, "Pole, Mheshimiwa. Pole na kazi ya nchi."

Tuuuu! Baragumu la pili, nao ndio wanafika juu.

Kiboko akaweka kigari nyuma ya mstari, akakaa, puu! Akatoa kifua.

"Sasa wananiona?"

"Wanaona pua tu, Mheshimiwa. Sogea kidogo."

Kiboko akasogea, kwaruu. "Sasa?"

"Wanaona masikio. Sogea kidogo."

Kwaruu. "Sasa?"

"Wanaona shingo na koti. Sogea kidogo."

Kwaruu. "Sasa?"

"Limebaki tumbo tu, Mheshimiwa. Na tumbo ndilo lenyewe."

Kiboko akasogeza na tumbo.

Vuuuuuuuuuu!

"Simamisheniii kitiii!" Lakini kiti kikishakuwa chini ya tumbo hakisikii amri. Mashemeji wakaruka huku, katibu akaruka kule, mshika mwavuli akafungua mwavuli. Karibu na mstari wa chini palikuwa na kinundu. Kigari kikakigonga, kikaenda kivyake. Kiboko naye akaruka juu, akapita juu ya uzio, juu ya waamuzi wa chini, akaangukia ziwa lililoganda. Kacha! Chubwi! Zikaonekana tundu mbili za pua, zinapumua.

Sasa Pimbi yuko juu, hana kigari. Sheria ya wenyeji ni kwamba kigari kikifika chini hukokotwa juu kwa kamba. Pimbi akaikodolea macho ile kamba. "Njoo, mama, njoo." Kamba ikaja polepole, kirr, kirr, kirr. Mwamuzi akainua baragumu mdomoni. Kirr, kirr. Kigari hicho! Na kwenye msumari wake limenasa koti la sufu.

Pimbi akavaa koti lake. Akakalia kigari chake. Tuuuu! la tatu, na yeye ameshapita mstari.

Vuuuu! Upepo ukampiga usoni, masikio yakalala, na Pimbi akacheka kwa sauti kubwa peke yake kule juu. Hakuona Dubu, hakuona bendera, aliona tu njia nyeupe inakuja. Alifurahi jinsi ambavyo hakuwahi kufurahi. Akakikwepa kinundu, akavuka mstari wa chini, akasimama mwenyewe, wima.

Karani akasoma matokeo. Wa kwanza, Mbweha Mweupe. Akasoma, akasoma, watu wakaanza kuondoka. Wa thelathini na tisa, Pimbi. Wa arobaini na wa mwisho, yule mchezaji wa pili, aliyepita mstari wa juu na wa chini asiuone: Kiboko.

"Nyuma yangu kuna mtu!" Pimbi akarukaruka. "Mama yangu, nyuma yangu kuna mtu!" Na huyo mtu alikuwa bado ziwani, Dubu sita wanamvuta kwa kamba.

Wakarudi nyumbani, ngoma zikapigwa. Mfalme Simba akauliza, "Haya, mmekuwa wa ngapi?"

Kiboko akajitokeza mbele. "Mfalme, sisi ni watu wa adabu. Wenzetu walituambia tangulieni, tukawaambia hapana, tangulieni ninyi."

"Nasikia ulianguka."

"Kuteleza si kuanguka, Mfalme! Na mchezo wenyewe ulikuwa wa kuteleza. Wengine wote waliishia kwenye mstari. Mimi nilifika ziwani!"

Umati ukapiga vigelegele. "Huyu kiboko! Huyu ndiye kiboko!" Na ndiyo maana hadi leo mtu akishinda wenzake huitwa kiboko, na mtu akivunja chungu huitwa pimbi. Msiniulize mimi, waulizeni waliokuwa wanapiga vigelegele.

Mfalme akamgeukia Pimbi. "Ni kweli anayosema?"

Kiboko akamkazia macho. Pimbi akainama kwa adabu. "Kweli tupu, Mfalme. Sijaona aliyefika mbali kama yeye. Ni hasara kwa taifa, mtu wa kipaji kama hiki kumkalisha kwenye viti."

"Umesema vema," akasema Simba. "Kuanzia leo Kiboko ni mchezaji wa taifa. Kila asubuhi apande mlimani, afanye mazoezi. Na kwa kuwa mchezaji hawezi kuwa mwenyekiti, kiti tumpe huyu mkweli."

Kiboko akafungua mdomo, na mdomo wake mnaujua ulivyo mkubwa. Lakini angesema nini? Kwamba alidanganya? Akaufunga.

Kesho yake asubuhi alifika chini ya mlima. Pimbi amekaa kwenye kigoda, koti lake la sufu mwilini, bakuli la supu mkononi, na kigari kimewekwa njiani mbele ya Kiboko.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Kigari hicho cha nani?"

"Cha nchi," akasema Kiboko.

"Na nchi ameibeba nani?"

Kiboko akakitazama kigari. Akautazama mlima, juu, juu, hadi kwenye kichwa cheupe.

"Mimi."

"Basi beba."

Hadithi yangu imeteleza hadi hapa, na hapa imesimama. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Kiboko aikalie.

Na funzo lake, watoto, ni hili: waheshimuni wakubwa. Mkimwona mkubwa amesimama, msingoje kuambiwa, mpeni kiti. Pimbi alimpa.