Fisi Akataa Maini

Hapo zamani za kale, enzi zile wanyama nao walikuwa na nyumba, sufuria na mifugo, Fisi alikuwa mfugaji wa mbuzi. Msicheke! Fisi huyo huyo. Tena mbuzi wake walinenepa kupita wa wenzake wote, mapaja yamefura hadi wakitembea wanatanua miguu.

"Unawalisha nini?" majirani waliuliza.

"Majani na chumvi tu!"

Siku moja Bi Nguchiro, yule mdogo mwenye mkia mrefu, alimpikia mwanawe Tunu maini ya mbuzi aliyemnunua kwa Fisi. Tunu alipomaliza kula, mikono ikaanza kumtetemeka. Moyo ukamwenda pu! pu! pu! Mama aliogopa sana. Tunu alipopata nafuu, mama akakasirika.

Akaenda mbio kwa Mfalme Simba.

"Mheshimiwa, Fisi anawapa mbuzi wake ile dawa ya kunenepesha uliyoipiga marufuku kwa kuwatetemesha walaji. Na kesho anawachinja kwa karamu ya watoto wetu!"

Simba akamwita Fisi. "Wivu tu huo!" Fisi akafoka.

"Una ushahidi?" Simba akauliza.

"Kesho Fisi mwenyewe atautoa. Utauona kwa macho yako!"

Asubuhi, wanyama wote wamekusanyika kwa Fisi na mbuzi hawajachinjwa bado, Nguchiro akafika na sufuria mbili za maini. Harufu yake, wee acha! Akapakua ya kwanza.

"Haya ya mbuzi wangu, Mzee Fisi. Karibu."

Nyam, nyam, nyam! Fisi akala hadi akalamba bakuli.

"Ongeza!"

Nguchiro akapakua sufuria ya pili. "Haya sasa ya mbuzi wako, yaliyobaki kwangu. Desturi yetu, mwenye karamu huonja kwanza ndipo watoto wale."

Fisi akaliangalia bakuli. Mate yakamtiririka, lakini mkono haukwenda.

"Mimi... nimeshiba."

"Jamani!" Tumbili akapiga kelele. "Fisi amekataa maini!"

"Kula," Simba akanguruma.

"Nihurumie, Mheshimiwa! Nitatetemeka! Hiyo dawa ni kali, moyo utanipasuka!"

Nguchiro akalivuta bakuli, akala yeye, taratibu.

"Ya mbuzi wangu pia haya," akasema. "Sufuria zote mbili."

Simba akamnyang'anya Fisi mbuzi wake wote, na karamu ikawa ya maharage. Watoto walinuna, lakini walirudi makwao wazima.

Basi jueni, wanangu: anayeogopa kuonja anachowalisha wenzake amejishtaki mwenyewe.