Dole Gumba la Kalunde

Kuna swali moja lililonishinda, nami nawaachia kabla sijaanza: je, Kalunde, mpima chumvi, alijua dole gumba lake lilikuwa likifanya nini? Nimesimulia habari hii miaka mingi na bado siwezi kuapa upande wowote.

Zamani hizo watu walikuwa na neno moja tu kwa kila aliyechukua haki ya mwenzake. Walisema ameiba. Na mwizi alivushwa mto, mtumbwi ukarudi bila yeye.

Kalunde aliishi katika kijiji cha wapika chumvi. Wafugaji walileta samli, naye akawapimia chumvi kwa kata ya kibuyu aliyoachiwa na mama yake. Kata hiyo ilikuwa na tundu ubavuni. Mama alikuwa akiliziba kwa dole gumba, kwa ndani, na binti akajifunza hivyohivyo. Hakuna aliyeuliza. Kalunde alipendwa, aliwajua hata ndama wa wateja wake kwa majina.

Siku moja chungu cha chumvi kilimuunguza dole lile. Dada yake, Nyanzala, akashika kata na kuliziba tundu kwa nta. Mteja wa kwanza alikuwa Mlekwa, mfugaji, mtani wa Kalunde tangu utotoni, na kikapu chake kilekile cha siku zote. Kikapu hicho kilijaa kwa kata kumi. Siku hiyo, ya tisa ilipoingia, chumvi ikaanza kumwagika. Watu wakakitazama kikapu, kisha wakalitazama dole lililofungwa kitambaa.

Wazee wakaitwa. Mtumbwi ukasogezwa.

"Nilikuwa naziba tundu, mtani wangu," Kalunde akasema. "Nilihofia chumvi yako itamwagika."

"Basi dole lako limekula chumvi kuliko ng'ombe wangu wote," akajibu Mlekwa, na watu wakacheka kabla hawajaukumbuka mtumbwi.

Kwa desturi yao, aliyekosewa ndiye aliyelitaja kosa. Mlekwa akautazama mtumbwi. Akisema ameibiwa, hatamwona Kalunde tena. Akisema hakuna kosa, atakuwa amedanganya, maana ng'ombe wake walilamba chumvi pungufu miaka yote hiyo.

"Mwizi huchukua nikiwa sipo," akasema mwishowe. "Huyu alinipa nikitazama, nami nikamshukuru. Hakuniibia. Amenipunja."

Neno lilikuwa geni, lakini hakuna aliyeomba lifafanuliwe. Wengi waliinamisha macho, kila mmoja akikumbuka alichowahi kumgawia mwenzake.

Na tangu siku hiyo, kupunja ni kosa la mwenye kugawa. Hutendwa mchana, mbele ya macho ya mtu, pengine kwa mkono usiojijua. Aliyepunjwa hapigi yowe la mwizi. Humwambia muuzaji uso kwa uso, na muuzaji huongeza kidogo juu ya kipimo. Ndivyo wazee walivyoamua: mtumbwi urudishwe, na kila kata ifuatwe na konzi moja ya nyongeza.

Aliyetekeleza wa kwanza alikuwa Kalunde, palepale. Alifungua kitambaa, akachota konzi kwa mkono ulioungua, chumvi ikimchoma kidonda, akaimwaga kikapuni. Mlekwa akaitazama, akasema bado amepunjwa.

Kalunde akacheka, akaongeza nyingine.