Waya Juu ya Mkaratusi

Wazee waliotuachia methali hawakuwa na redio wala duka, lakini walimjua vizuri mtu anayemcheka fundi leo na kumhitaji kesho. Walimwonya asitukane wakunga na uzazi ungalipo, yaani asimdharau mwenye ujuzi ambao siku moja utamfaa. Prakash wa Keumbu aliisoma methali hiyo shuleni akapata alama zote. Kuijua methali na kuishika ni mambo mawili.

Mwaka wa 1994 duka lake kando ya barabara liliuza sukari, mafuta ya taa, redio na antena za televisheni. Kwa Prakash, kitu kisichotoka kwenye katoni hakikuwa kitu. Basi siku moja ya soko akaingia Cleophas Makori, fundi wa redio asiye na cheti wala kibanda, amebeba antena aliyoiunda kwa vifuniko vya sufuria na spoki za baiskeli. Aliomba itundikwe dukani, wateja waijaribu.

Prakash aliiinua juu watu waione. "Hii ni ya kushika habari ama ya kufunikia mboga?"

Duka zima liliangua kicheko. Lakini si kicheko kilichomkata Cleophas maini. Karibu na mizani alisimama mama mkwe wake, na kwa Abagusii, wenyeji wa Keumbu, mtu na mama mkwe wake huheshimiana hata macho hayakutani. Mama yule alijitanda leso usoni, akatoka bila mafuta aliyoyajia. Prakash, aliyezaliwa na kukulia hapo hapo, alijua vyema amefanya nini. Aliona haya kidogo, kisha akaendelea kupima sukari. Cleophas hakuonekana tena Keumbu.

Mwaka haukuisha. Chandrakala, mamake Prakash, ambaye nyumba nzima ilimwita Ba, yaani mama, alishikwa na maradhi ya moyo. Daktari akasema arudishwe nyumbani apumzike, na kila mtu anajua maana ya kauli hiyo. Ba hakutaka chakula wala dawa. Alitaka jambo moja tu, kusikia matangazo ya Kigujarati yaliyokuja kila jioni kutoka India, lugha ya kijiji alichokiacha akiwa bibi harusi wa miaka kumi na saba, asikione tena. Lakini tangu nguzo za umeme zipitishwe mbele ya duka, redio ilinguruma kama mashine ya posho. Prakash alijaribu kila antena iliyokuwa kwenye katoni. Hakuna iliyofua dafu.

"Yule kijana wa waya yuko wapi?" Ba aliuliza. "Zamani alinitengenezea redio. Mwite."

"Nitamwita, Ba."

Hakumwita. Siku kumi zilipita akipanga maneno ya kuomba radhi na kuyapangua, maana kiburi ni mzigo, na kuutua mbele za watu ni kazi. Siku ya kumi na moja Ba alishindwa hata kuketi. Ndipo Prakash alipomwendea mama mkwe yule yule, aliyekuwa akiuza ndizi sokoni.

"Mama, nisamehe. Mama yangu ni mgonjwa, namtafuta Cleophas."

Mama alimaliza kwanza kupanga ndizi zake. "Tangu siku ile nanunua mafuta kwa wengine," akasema. "Yeye anakamua ng'ombe Nyansiongo. Enda. Mama yako hana kosa."

Alimkuta Cleophas zizini. Prakash akamweleza habari ya Ba na redio, kisha akaanza hotuba yake ya kuomba radhi, Cleophas akamkatiza.

"Mzee, wacha hayo. Ba alikuwa ananipa chai na kuniulizia watoto. Ungetuma tu mtu, ningekuja siku hiyo hiyo."

Maneno hayo yalimchoma Prakash kuliko tusi. Waya mrefu wa shaba ambao Cleophas aliutumia zamani katika ufundi wake sasa ulikuwa kamba ya kuanikia nguo. Tryphosa, mkewe, aliziondoa nguo mbichi, akaufungua.

Jua lilikuwa linazama Cleophas alipokwea mkaratusi ulio nyuma ya duka, mbali na nguzo za umeme, akauvuta waya juu kabisa uwe antena. Chini, barazani, Prakash alizungusha kitufe cha redio. Mngurumo, mluzi, tena mngurumo. Kisha ikaja sauti ya mwanamke akisoma habari kwa Kigujarati, safi kana kwamba ameketi hapo barazani.

Prakash aliibeba redio mpaka chumbani, waya ukimfuata. Janki, mkewe, alikuwa ameketi kitandani ameushika mkono wa Ba uliokwisha kuanza kupoa. Hakugeuka.

"Ameuliza mara mbili kama waya umefika," Janki alisema. "Mara ya tatu hakuuliza."

Redio iliendelea kueleza mvua ilivyonyesha huko India. Prakash hakuizima. Aliiweka karibu na mto, akalia kama mtoto, akizihesabu zile siku kumi moja moja.

Kutoka juu ya mti sauti ikauliza, "Mzee, inashika?"

Cleophas akauliza tena, kwa upole ule ule, na Prakash, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu dukani, akaongeza sauti ya redio ili imfikie. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.