Springi za Bwana Lukindo

Simenti ya kujengea zahanati ya kijiji ilikuwa ikiyeyuka stoo kila wiki, na aliyepiga kelele kuliko wote ni Bwana Lukindo, msimamizi wa ujenzi. Siku hiyo alimvamia fundi Mwajabu gereji na gari lake la spoti la zamani, nyuma limelala karibu kugusa chini.

“Springi za gari hili hazitengenezwi tena,” alisema Mwajabu, akipangusa vumbi la kijivu ndani ya buti la gari.

“Usiniletee hadithi! Nazitaka kesho, la sivyo hama kwenye kiwanja changu.”

“Basi nitakufungia za pikapu. Zitabeba hata tembo, bosi.”

“Sasa umesema!”

Kesho yake gari lilitoka limebinuka nyuma kama bata anayetafuta tope. Lukindo aling’aka.

“Litie mzigo kidogo tu, litakaa sawa,” Mwajabu alimtuliza.

Lukindo akatabasamu. Mzigo haukuwa tabu.

Jioni alitoka zahanati akipiga mluzi, gari limetulia raha mustarehe. Getini akawakuta akina mama waliojitolea kubeba mchanga wa ujenzi ule, Mwajabu mbele yao.

“Gari limeingia limebinuka, bosi, na linatoka limenyooka,” alisema Mwajabu. “Hebu tufungulie buti.”