Sayari ya Kijivu na Jina Moja

Sogeeni, nyinyi mnaopenda kuhukumu. Kisa nitawapa chote. Hukumu sitoi, maana mimi mwenyewe imenishinda.

Palikuwa na mafundi watatu mjini Same, ghorofani juu ya duka la dawa, waliotengeneza gemu ya safari za angani. Mchome alijaliwa ardhi: mpe mpira mtupu, atakurudishia milima na makorongo. Salha, aliyekulia Lushoto, alijaliwa hewa: mawingu, vumbi na ukungu. Nakijwa alijaliwa rangi na mwanga. Sayari zake ziliwaka nyekundu na zambarau kama khanga za harusini, na wachezaji wakalalamika kwamba zinafanana na mipira ya dukani.

Bi Nanzia, mwenye gemu, akachoka. "Wanangu," akasema, "watu wanazipita sayari zetu kama wanapita vibanda vilivyofungwa. Nataka moja ya kumsimamisha mtu. Nitaendesha chombo mwenyewe. Nikisimama, aliyenisimamisha ataipa sayari jina, na jina hilo halitafutwa."

Mchome alikuwa na jina tayari: la kilima cha kwao kilichopondwa kokoto mpaka kikaisha. Salha naye alikuwa na la bibi yake aliyemlea. Nakijwa alikuwa ametoka likizo ya uzazi mikono mitupu. Binti yake alizaliwa bila uhai, na kwa desturi ya ukoo wao mtoto asiyelia hapewi jina. Wanawake humzika asubuhi, bila matanga. Kazini walimpa pole kisha wakanyamaza, maana asiye na jina utamtajaje? Nakijwa hakulia pia. Alikula alipopewa chakula, alijibu alipoulizwa. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, naye hakujali.

Mchome akaanza. Zamani alikuwa akipanga milima kwa mistari kama mahindi shambani, lakini safari hii aliiacha igombane. Akachimba mito iliyokauka, akaangusha majabali yakalala yalipoangukia. "Sasa imesimama," akasema.

Salha akafuata. Alikumbuka jinsi ukungu wa kwao unavyoanzia mabondeni kabla ya kupanda, akaumwaga chini ya milima, mwembamba, wa kuchelewa kuondoka. "Sasa inapumua," akasema.

Nakijwa alikuwa wa mwisho, ndiyo ilivyokuwa kawaida yao. Kila sayari ilimfikia ikiwa na kijivu cha kuanzia, yeye ndiye aliyeivisha rangi. Safari hii akaweka nyekundu, akaitazama, hakuhisi kitu. Akaifuta. Akaweka kijani, akaifuta nayo. Jua la sayari lilimwumiza macho, akalishusha mpaka karibu na ardhi. Kijivu akakiacha kama kilivyo, akaenda kunywa chai.

Siku ya kupima, Bi Nanzia akashika usukani. Akaipita sayari ya kwanza, akaipita na ya pili. Kwenye ile ya kijivu akasimamisha chombo, kikaelea. Vivuli vya milima vilikuwa virefu, ukungu umelala mabondeni, wala hapakuwa na kitu kilichokuwa kikimpigia kelele.

"Nani kafanya hii?" akauliza.

Wakajaribu kujua. Walipoondoa milima ya Mchome, likabaki yai la majivu. Wakairudisha, wakaondoa ukungu wa Salha, likabaki jiwe tu. Wakaurudisha, wakaweka rangi na jua la zamani la Nakijwa, na hapo ikawa mpira wa dukani. Milima na ukungu vyote vikazama.

"Lakini mama, huyu hakufanya kitu!" Mchome akalalamika. "Ameacha tu. Kuacha nako ni kazi?"

"Rangi zake ndizo zilizokuwa zikituzika siku zote," akasema Salha. "Kujua kuacha ni ufundi. Ila dada Nakijwa, ulikusudia?"

Nakijwa akafikiri. Angesema ndiyo, yangekwisha. "Sijui," akajibu. "Niliona tu kwamba ndivyo dunia ilivyo."

Bi Nanzia akafungua pale pa kuandika jina. "Na wewe, mwanangu, ungeiita nani?"

"Nakunda," akasema Nakijwa, na kwa mara ya kwanza tangu arudi kazini sauti yake ikatetemeka. Hakuna aliyeuliza Nakunda ni nani.

Mchome akainamisha kichwa. "Basi mwandikieni yeye. Kilima changu kimeshakwisha, hakina haraka."

"Na bibi yangu ataelewa," akasema Salha, huku akijifuta macho.

"Hapana," akasema Nakijwa. "Mwanangu alikosa jina kwa desturi. Sitaki alipate kwa huruma. Kama sayari ni yangu, niandikieni. Kama si yangu, andikeni la mwenyewe."

Bi Nanzia ameweka vidole juu ya herufi mpaka sasa, na hajabonyeza hata moja. Nafasi ni ya jina moja tu. Haya, wasikilizaji. Mnaosema ni Nakijwa, niambieni: mnampa kwa kazi yake, au kwa msiba wake? Na mnaosema si yeye, nendeni mkamwambie nyinyi, maana mimi siwezi.

Je, ungekuwa wewe, ungeandika jina gani?